Betri na Pumzi

Kitu kisicho na sauti hakina mtetezi. Injini ikiugua hulia, breki zikilika hukwaruza, tairi likichoka hupasuka. Lakini betri hufa kimya, na mwenye nayo aghalabu hupata habari za msiba baada ya maziko. Nayaandika haya mimi ambaye si fundi, ingawa ni mwana wa fundi, kwa sababu mwishoni mwa Septemba 2022 ukimya huo ulikaribia kunitoza kitu ambacho mshahara wa mwalimu, wala wa mfalme, hauwezi kukinunua mara ya pili.

Nakaa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwafundisha vijana wa watu lugha ya watu wangu. Mwaka 2019 nilinunua gari-nyumba kuukuu lililoundwa 1997. Msomaji asiyepata kuliona gari la namna hiyo na afikiri basi dogo ambalo ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, bomba la maji na kipasha joto. Gari hilo lina betri za namna mbili. Betri ya injini kazi yake ni kuiamsha injini: mabamba yake ya risasi ni membamba na mengi, ili itoe nguvu kubwa kwa nukta chache, kisha ipumzike. Betri za nyumba kazi yake ni nyingine. Hizo hutoa nguvu kidogo kidogo usiku kucha, na mabamba yake yapasa kuwa manene ili yastahimili kutumiwa na kurudishiwa mara mamia. Ya kwanza ni mkimbiaji. Za pili ni wapagazi. Anayemtwika mkimbiaji mzigo wa mpagazi hamwui siku ile ile, lakini humwua.

Mwaka ule baba yangu alikuja kutuzuru. Alikuwa na miaka 74, fundi wa umeme mstaafu wa karakana ya reli, Tanga. Ana maradhi ya pumzi kukatika usingizini, na kwa amri ya daktari hulala na kifuniko cha pua kilichoungwa na mashine ndogo inayomsukumia hewa. Nilitaka aone Ziwa Superior kabla ya baridi kuingia, basi tukafunga safari, yeye, mimi na binti yangu, tukapiga kambi karibu na mji wa Bayfield, mahali pasipo na umeme. Kabla ya kuondoka nilitazama taa ndogo za ukutani zinazoonyesha hali ya betri. Zote nne ziliwaka, nami nikaridhika. Sikukumbuka kwamba wakati ule gari lilikuwa limeunganishwa na umeme wa nyumba yangu, na betri inayolishwa hujionyesha imeshiba hata kama tumbo lake limetoboka.

Saa nane usiku niliamshwa na ukimya. Mvumo wa mashine ulikuwa umekoma. Kipasha joto kilikuwa kimezima. Giza lilikuwa moja, ndani na nje. Nilisikiliza pumzi ya baba nisiisikie. Kisha akavuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyechomoza kutoka majini, na kifua kikanyamaza tena. Nilimtikisa, nikamwita, nikamvua kile kifuniko. Aliamka, akaketi, akauliza neno moja: "Betri?" Nilitaka kuwasha injini ili mashine ipate nguvu, akanikataza. "Moshi wa injini iliyosimama na watu wamelala ndani ni adui mbaya kuliko huyu," alisema. Tulijifunika mablanketi, tukakaa macho hadi alfajiri, na binti yangu akalala baina yetu bila kujua lolote. Baba hakunilaumu. Lau angalinilaumu ningalipata nafuu.

Tuliporudi nyumbani aliniagiza haidromita, kile kipira cha kuvutia maji ya betri chenye chelezo ndani yake, kinachopima uzito wa asidi. Betri iliyojaa sawasawa husoma kiasi cha 1.265, iliyobakiwa na nusu husoma karibu na 1.190. Betri zangu zilikuwa mbili za volti 12, zimefungwa sambamba, kila moja ina seli sita, ambazo baba huziita vyumba. Katika ile ya kwanza vyumba vitano vilisoma 1.220 na cha sita 1.120. Chumba kimoja kilikuwa kimekufa, nacho kiliivuta betri yake chini, na betri hiyo ikamvuta mwenziwe aliyekuwa mzima. Katika ile ya pili vyumba viwili vilikuwa vimekaukiwa hata vichwa vya mabamba vikaonekana.

"Nani alitia maji mara ya mwisho?" aliuliza baba. Nilinyamaza. Kwa miaka mitatu sikuwa nimevifungua vifuniko vile hata mara moja.

Alinieleza ugonjwa wenyewe. Tangu Gaston Planté, Mfaransa, alipounda betri ya risasi na asidi mwaka 1859, kanuni yake haikubadilika. Betri inapotoa nguvu, asidi hushikamana na risasi ikafanya salfeti juu ya mabamba. Inapochajiwa, salfeti huyeyuka na asidi ikarudi majini. Ikiachwa bila kuchajiwa, salfeti hukauka ikawa fuwele ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Betri, basi, haiuawi na kutumiwa. Huuawa na kutumiwa kisha kusahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta; nami ukuta ulikuwa mbele yangu.

Mimi, kama ilivyo desturi ya watu waliosoma, nilitaka kuifuta aibu yangu kwa kununua kilicho kipya kabisa. Nilimweleza baba habari za betri za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo asili yake ni kazi ya John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas, iliyochapishwa 1997. Mtu huyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Nilisifu wepesi wake: betri ya ampea-saa 100 huwa na kilo 11 hadi 14 tu, na waweza kuitumia karibu yote, ilhali ya risasi haipendezi kupita nusu. Huvumilia kuchajiwa mara maelfu. Haitaki maji. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu: "Watumia kiasi gani kwa usiku mmoja? Wakirudisha kwa njia gani? Na wakati wa baridi betri italala wapi?"

Sikuwa na jibu hata moja, tukaketi na daftari. Mashine ya baba, ikifungwa moja kwa moja katika volti 12 na kizimwa kile kitia-unyevu chake, hula wati 30 hivi. Kwa saa nane ni ampea-saa 20. Feni ya kipasha joto hula ampea 7, na usiku wa baridi huzunguka jumla ya saa tano: 35. Jokofu hutumia gesi, lakini ubongo wake pamoja na kitambuzi cha gesi huhitaji kiasi cha 10. Taa na pampu ya maji, 5. Jumla 70. Hilo likawa jibu la swali la kwanza. La pili lilikuwa bamba la jua la wati 100 juu ya paa, ambalo kwa jua dogo la Septemba hurudisha kiasi cha ampea-saa 20 kwa siku, jenereta, na chaja ya zamani iliyokuja na gari, ambayo hushikilia volti 13.6 tu daima. Volti hizo ni chache mno kuijaza betri upesi, na ni nyingi mno kuilinda iliyokwisha kujaa. Huikausha maji miezi yote gari liliposimama. Kumbe muuaji mmojawapo alikuwa akiishi nami, naye nilimdhani mlinzi.

Swali la tatu ndilo lililokata shauri. Sanduku la betri katika gari langu lipo chini ya ngazi, wazi kwa upepo wa nje. Betri ya lithiamu haifai kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, maana lithiamu huganda juu ya ncha yake na kuiharibu. Na hapa Wisconsin baridi yaweza kushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Ningalilazimika kuhamisha sanduku ndani, kubadili chaja na kununua kifaa cha kuilinda betri ya injini na dainamo yake. Namna nyingine ni betri ya risasi iliyofungwa, ambayo asidi yake imenyonywa na vitambaa vya kioo. Hiyo haimwagiki wala haitaki maji, lakini bei yake ni kama maradufu, na kosa la kuizidishia chaji halisahihishiki, kwa kuwa maji yaliyotoka hayarudishiki. Anayeishi ndani ya gari lake mwaka mzima, mwenye mabamba mengi ya jua, na achague lithiamu bila kusita. Mimi husafiri wiki sita kwa mwaka. Nilichagua betri mbili za volti 6 za risasi na maji, zile zinazotumiwa katika vigari vya uwanja wa gofu, kila moja ina kilo 28 na vyumba vitatu. Zikifungwa mfululizo hutoa volti 12 na ampea-saa 220 hivi. Nusu yake ni 110. Usiku mmoja wa ampea-saa 70 ni halali. Usiku wa pili hauanzi kabla jenereta halijanguruma. Pamoja nazo nilinunua chaja mpya yenye hatua tatu: hujaza kwa nguvu, hushikilia karibu na volti 14.6 mpaka betri inywe itosheke, kisha hushuka hadi 13.3 na kulinda.

Siku ya kuzifunga nilivua pete na saa kwa amri ya baba. Waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isitoe cheche. Na cheche si mchezo mahali palipo na haidrojeni, gesi inayofuka betri inapochajiwa. Nilishika waya mweusi nikaupeleka kwenye hasi, kama nilivyozoea katika motokaa. Baba akanishika mkono. "Pima kwanza, mwanangu." Nilipima. Katika magari-nyumba ya Marekani waya mweupe ndio hasi aghalabu, na mweusi ndio chanya. Ningalizifunga kinyume, na chaja mpya ingaliungua kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Matunzo yenyewe ni machache hata ni aibu kuyasahau. Kila mwezi nafungua vyumba sita na kutazama maji. Natia maji yaliyokenekwa tu, kamwe si asidi, maana kinachotoka ni maji peke yake. Natia baada ya kuchaji wala si kabla, kwa kuwa maji hupanda yakichajiwa na kufurika. Isipokuwa mabamba yakionekana, hapo hufunikwa kwanza. Nasafisha chumvi ya nchani kwa soda ya kuokea mikate na maji, kisha napaka vaselini. Napima volti wakati betri imepumzika saa kadhaa, haipewi wala haitoi: 12.7 imejaa, 12.1 imebaki nusu, na hapo nasimama. Kabla ya baridi kuu naijaza kabisa na kufungua waya wa hasi, kwa sababu betri tupu yaweza kuganda na kupasuka katika nyuzi 10 chini ya sifuri, ilhali iliyojaa hustahimili baridi kali kupita yoyote inayofika huku.

Kadhalika baba aliniusia nisiziweke betri juu ya saruji bali juu ya ubao. Najua kuwa agizo hilo ni la zama za makasha ya kale, na makasha ya siku hizi hayapitishi umeme sakafuni. Hata hivyo nilitafuta ubao.

Alipokuwa kijana, alinisimulia, mabehewa yalikuwa na betri chini ya sakafu, zikichajiwa na dainamo iliyozungushwa na ekseli. Abiria walisoma magazeti chini ya taa, wala hapana aliyejua kwamba mtu fulani alikuwa amelala chali relini asubuhi ile akitia maji chumba baada ya chumba. Nilikuwa mtoto wa mtu huyo, nikasomeshwa kwa mshahara wa kazi hiyo hata nikapata shahada ya udaktari, nisijifunze kazi yenyewe. Nilidhani elimu ni kupanda kutoka kwa baba. Sikudhani kwamba kuna siku pumzi yake itategemea nilichokataa kujifunza kwake.

Baba alirudi Tanga Oktoba ile. Kabla ya kupanda ndege aliandika katika daftari langu, kwa mkono wa fundi, safu sita za tarakimu za haidromita na tarehe yake, akaacha kurasa zilizosalia tupu. Kila mwisho wa mwezi hupiga simu. Nikisha kumwamkia shikamoo, naye akiitikia marahaba, haulizi kwanza habari za chuo, wala za baridi. Huuliza, "Maji?" Nami humsomea chumba cha kwanza hadi cha sita, yeye akiandika upande wake, nami nikisikiliza, baina ya tarakimu moja na nyingine, namna anavyopumua.