Nikuwekee au niwawekee?

Mtu yeyote aliyefungua barua pepe kwenye kompyuta analijua swali hili: « Enregistrer le mot de passe ? » Tunabonyeza upesi, kwa sababu foleni iko nyuma yetu na umeme unaweza kukatika. Mimi, mwanafunzi wa lugha, hukwama kwenye kitenzi. « Enregistrer » hakisemi ni kwa ajili ya nani. Kwa Kiswahili ningetarajia kauli ya kutendea: « Nikuwekee? » Hapo kiambishi -ku- kingemtaja mwenye mali, naye angejua kwamba ni yeye peke yake anayewekewa.

Je, ni peke yake kweli? Kwenye Windows, Chrome hufunga maneno ya siri kwa ufunguo wa akaunti ya mtumiaji. Mwizi akichomoa diski na kwenda nayo, hasomi kitu. Lakini anayeketi mbele ya akaunti iliyo wazi yumo ndani tayari. Mwaka 2013 watu walilalamika kwamba aliyeketi hivyo aliweza kuyasoma yote katika mipangilio. Justin Schuh, aliyeongoza usalama wa Chrome, alijibu kwamba adui akishafika kwenye akaunti yako mambo yamekwisha, na kuongeza neno kuu la siri ni kukupa matumaini ya uongo. Firefox ilimwachia mtumiaji achague neno kuu kama analitaka. Hata hivyo lazima ulitafute mwenyewe, na ukilisahau, yale uliyoyaweka yamepotea.

Hoja ya Schuh ina nguvu, siikatai. Ila imejengwa juu ya nyumba yenye mtu mmoja.

Yaya wangu anafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na fotokopi karibu na fakulte. Kompyuta mbili, kila moja na akaunti moja, wateja kutwa nzima. Baadaye Chrome ilianza kudai neno la siri la Windows kabla ya kuonyesha orodha, lakini pale kibandani wafanyakazi wote wanalo. Tena orodha haihitajiki. Siku moja mwanafunzi alikuja kuchapa, akakuta anwani ya mteja wa asubuhi imejiandika yenyewe, na vidoti chini yake. Angebonyeza mara moja tu, angesoma masahihisho ya mwalimu juu ya tasnifu ya mwenzake. Swali la asubuhi lilikuwa « niwawekee? », na mteja alisikia « nikuwekee? » Aliyekubali bila kujua idadi ya wanaowekewa, kwangu mimi, hakuchagua.

Yaya alizima swali lenyewe katika mipangilio, kwa kompyuta zote mbili, bila kuuliza mtu. Namuunga mkono: pale, yeye ndiye anayejua ni wangapi wanaoketi kwenye kiti kile. Wateja wa kila siku walinung'unika kwamba amewanyima haki yao. Mmoja sasa ameandika neno lake la siri nyuma ya daftari la fonolojia, daftari ambalo darasa zima tunaliazima.