Zebra ya Dukuh Atas

Jumamosi, 16 Julai 2022
Nimerudi sasa hivi. Miguu inawaka moto, usingizi hauji. Kituo cha Manggarai kule! Tangu wabadilishe njia za treni mwezi Mei, sisi wa Depok tunaokwenda Sudirman tunashuka pale wote, ngazi hazipitiki, kila mtu anawahi treni ya Sudirman. Na watoto wa Citayam na Bojonggede wamo humo humo, nywele za rangi, viatu vya soli nene, miwani ya jua na jua lenyewe limeshazama. Nikawafuata tu.

Dukuh Atas, nje tu ya kituo cha Sudirman, hapatoshi. Taa nyekundu ikiwaka, magari yanasimama, wao wanaingia kwenye kivuko cha zebra kuonyesha mavazi. Mmoja. Wawili. Kundi zima. Mabega juu, macho mbele, simu kila upande zinawapiga picha. Binti mmoja, suruali pana, koti la mtu mzima. Nikamuuliza kalinunua wapi. “La kuazima, kesho analivaa mwenzangu.” Hata hakuinamisha uso. Nimempenda papo hapo.

Jumapili, 17 Julai
Dada wa chumba cha pili anasema ni ushamba mtupu, wakasome. Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Wana kosa gani? Nauli inaanzia rupia 3,000. Kahawa ya pakiti wanakorogewa na muuzaji mwenye baiskeli, maji ya moto kwenye chupa yake. Basi, wana kijiwe mpaka usiku. Jakarta hii, mtoto asiye na hela akae wapi? Kwenye maduka makubwa mlinzi anakukagua kuanzia viatuni.

Alhamisi, 21 Julai
Msimamizi kairudisha sura ya pili ya tasnifu yangu. Nyekundu kila ukurasa. Sina hamu ya kitu.
Gavana Anies Baswedan naye kapita kwenye zebra ile juzi, yeye na wageni wake. Watoto walishangilia. Mimi roho haikutulia. Wakubwa wakishapapenda mahali, hufika siku walioanza wakakuta hawana pa kusimama.

Jumatatu, 25 Julai
Nilijua! Kampuni ya mwigizaji Baim Wong imeomba kusajili jina la Citayam Fashion Week, jina la maonyesho haya ya zebra. Liwe lake! Jina lililotoka kwenye kituo cha treni cha watoto wale, kwa jasho la kubanana behewani. Ridwan Kamil, gavana wa Jawa Magharibi, kamsihi hadharani aliachie. Nchi nzima inapiga kelele, nami nimo, nimeandika maneno makali kwa Kiindonesia changu cha kuungaunga. Sijali sarufi leo.

Jumatano, 27 Julai
Baim kaliondoa ombi! Nimecheka peke yangu kwenye ngazi. Dada wa chumba cha pili kaleta ndizi za kukaanga, hakusema kitu, nami sikusema. Tumekula.

Ijumaa, 29 Julai
Nimepita Sudirman jioni. Askari wamejaa, zebra ni ya kuvukia tu, ukirudi mara ya pili unaulizwa. Ati foleni. Sikatai, magari yalikwama kweli. Lakini jiji la ukubwa huu lilishindwa kuwatafutia watoto mtaa mmoja kwanza, ndipo liwafukuze?

Yule binti wa koti sikumwona. Kesho Jumamosi narudi. Nitaanza na wauza kahawa wa baiskeli, maana wao huhamia kule watoto walikohamia.