Mwalimu Asiyetoa Shauri

Wenzangu wengi hudhani kwamba mtoa nasaha ni mtu wa maneno mengi. Ukimwendea na taabu yako atakukalisha, atakuonya, kisha atakuambia urudi darasani. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipokuwa kidato cha pili, baba yangu alipofariki.

Muhula ule niliambiwa maneno mengi, na yote yalikuwa ya wema. "Jikaze kiume." "Kazi ya Mungu haina makosa." Sikuwachukia walioyasema, lakini kila nilipoyasikia nilizidi kunyamaza. Usiku bwenini nilikuwa macho hata jogoo akawika. Nikaanza kufikiri niache shule nikamsaidie mama shambani.

Mwalimu mlezi aliniita katika chumba kidogo kando ya maktaba. Kwanza alinieleza kwamba nitakayosema hatayatoa nje, isipokuwa nikisema nataka kujidhuru au kuna mtu anayenidhuru. Hapo itambidi atafute msaada, na mimi nitajua. Kisha akaniuliza ninalalaje usiku, akanyamaza. Nikasema kidogo. Naye akanirudishia niliyosema kwa maneno yake, apate kujua kama amenielewa: "Basi waona kwamba ukibaki shuleni utakuwa umemtupa mama." Hapo nililia.

Hakuniambia niache shule, wala nisiache. Nilikwenda kwake kila Alhamisi. Wiki ya tatu nikaamua mwenyewe kumwuliza mama. Mama akajibu kwamba jembe analiweza, asiloliweza ni kunisomea.

Baadaye mwalimu alinisimulia habari za Carl Rogers, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1902. Bwana huyu alifanya kazi miaka 12 mjini Rochester, akishughulika na watoto wenye matatizo. Huko alijaribu kwa muda mrefu kumwonyesha mama mmoja kwamba utundu wa mwanawe watokana na yeye mwenyewe. Hawakufika popote, wakakubaliana kuachana. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama watu wazima nao huhudumiwa pale. Akarudi kitini, akaanza kueleza taabu za ndoa yake, na kazi yenyewe ikaanza siku ile. Rogers aliona kwamba mwenye kidonda ndiye ajuaye panapouma. Katika maandishi yake alishikilia kwamba msikilizaji amheshimu mtu bila masharti, amwelewe kutoka ndani, wala asijifanye. Hilo la mwisho, kwa maoni yangu, ndilo gumu kuliko yote, maana sisi wanafunzi twatambua upesi mtu anayetusikiliza huku akitazama saa.

Ziko njia nyingine. Aaron Beck, daktari wa Philadelphia, alifundisha kuyachunguza mawazo yanayomhuzunisha mtu na kuuliza ushahidi wake uko wapi. Tena yako maradhi yanayohitaji hospitali na dawa, na mwalimu wetu hupenda kukumbusha kwamba yeye si daktari.

Yumo chumbani mle kila Alhamisi baada ya michezo. Mlango huwa wazi, na si lazima mtu aje na la kusema.