Nani Alilifinyanga?

Nilijiunga na darasa la Kijapani la jioni hapa chuoni ili nipitishe muda baada ya vipindi vya saikolojia ya elimu. Ikafika wiki ya chai. Sensei akatugawia unga wa macha kwenye vikaratasi, akasema wiki ijayo kila mmoja aje na bakuli lake.

Bakuli gani sasa? Nikajaribu kwanza rumu, kwa kikombe cha kawaida na uma. Unga ukaganda madonge chini, mapovu hakuna. Kumbe kosa lilikuwa kwenye chombo. Macha haichujwi kama majani yetu ya chai. Unga wenyewe unaunywa wote, kwa hiyo lazima uchapwe vizuri kwenye maji. Wajapani huuchapa kwa chaseni, kipigio kilichochongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi, ndani ya bakuli wanaloliita chawani. Upana wake ni kama sentimita 12, mkono upate nafasi ya kwenda mbele na nyuma haraka. Ndani liwe la mviringo, lisiwe na kona za kuficha unga. Kuta ziwe nene kidogo, zitunze joto bila kuunguza viganja, maana halina mkono wa kushikia. Wakati wa baridi huchagua lenye kina. Wakati wa joto, lililo pana na lisilo na kina.

Kwa vigezo hivyo, chombo kimoja tu rumuni kilifaulu: bakuli la udongo alilonipa bibi nilipokuja mwaka wa kwanza. Bibi yangu ni mfinyanzi wa Kikisi, kule Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa. Vyungu vyake huenda kwa mtumbwi hadi sokoni Matema, na ndivyo vilivyonisomesha. Bakuli lenyewe nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda, natunzia chenji.

Siku ya darasa nililipasha kwa maji ya moto, nikalifuta, nikaweka gramu 2 za unga na mililita 70 za maji ya nyuzi 80 hivi. Nikachapa. Mapovu yakaja, safi kabisa! Ila bakuli likaanza kutoa jasho, chai ikapenya hadi kwenye kitambaa. Darasa likacheka. Sensei hakucheka. Alilinyanyua, akaligeuza atazame kitako, akauliza, "Nani alilifinyanga?"

Kwao hilo ni swali la heshima. Mgeni akishamaliza kunywa, hulitazama bakuli na kuuliza lilikotoka. Katika karne ya 16, bingwa wao wa chai Sen no Rikyu alipenda mabakuli ya Chojiro wa Kyoto, yaliyofinyangwa kwa mikono bila gurudumu, na jina la Chojiro linatajwa hadi leo.

Mimi nikajibu, "Sijui, nilinunua barabarani."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia simu.

"Shikamoo bibi. Lile bakuli lako linavuja."

"Marahaba mjukuu wangu. Ulilipa uji?"

"Uji?"

"Chungu kipya hakianzi na maji. Mimina uji mwembamba wa moto, uulaze humo hadi asubuhi. Nilikwambia siku ile unaondoka, ulikuwa unachezea simu."

Nikanunua uji kwa mama lishe, nikafanya hivyo mara mbili. Likaacha kuvuja. Wiki iliyofuata nikamweleza sensei kuhusu uji, akapiga makofi: kwao chungu kipya cha udongo, donabe, nacho hupikiwa kwanza uji wa wali, wanga uzibe vitundu. Hapo nikapata upenyo. Nikasema mbele ya wote, kwa Kijapani changu cha kubabaisha, kwamba bakuli lile halikununuliwa. Amelifinyanga bibi yangu. Nikataja jina lake, sensei akaliandika ubaoni.

Bibi bado hajui kwamba nilimkana. Likizo hii nitamwambia, nikiwa namchapia chai kwenye bakuli lake mwenyewe. Najua atakachouliza kwanza: mbona haina sukari?