Ukuta Umepinda

Msomaji, wajua timazi ni nini? Ni uzi wenye kipande cha risasi, ambao mwashi hupimia wima wa ukuta. Baba yangu aliutumia miaka mingi, hata kiharusi kikampooza upande wa kushoto. Nilipomkalisha kitandani aliinama kushoto kama mnazi uliopigwa na kusi, naye akashikilia kuwa amekaa sawa. Nilipomwinua alinisukuma kwa mkono wake mzima, akidhani namwangusha. Nalimkasirikia, nami ni mwalimu! Kumbe ubongo ulioumia ndio uliompotosha. Lakini macho yalikuwa yangali yakipima vema. Basi nikautundika uzi wake mbele yake. Akautazama kitambo, akacheka. "Mwanangu, ukuta huu umepinda," akasema, akaanza kujivuta mwenyewe, taratibu, mpaka kifua kikalingana na uzi.