Laka Ilipovua Kitambaa

Sebule nyingi za Kakamega katika miaka ya 1980 zilivaa kuliko wenye nyumba. Kiti kilikuwa na kitambaa cha mgongoni na viwili vya mikononi, meza na chake, na redio ilivikwa kikubwa kuliko vyote, cha kufuma kwa uzi mweupe, kikining'inia mbele hadi kikaziba namba za stesheni. Ukitaka kuhama Idhaa ya Taifa ya Sauti ya Kenya ulikifunua taratibu kama unayemchungulia mtoto aliyelala, ukazungusha kitufe, ukakirudisha. Kitambaa kilitangaza kwamba chombo hiki kimenunuliwa kwa jasho na hakichezewi ovyo.

Kwa spika alizounda mjomba, kitambaa kilikuwa na kazi ya ziada: kilificha useremala. Mjomba, ambaye sisi watoto wa dada zake tulimwita khotsa, alikuwa fundi redio mwenye kibanda cha mabati kando ya njia ya Mumias. Moyo wake ulikuwa kwenye saketi. Amplifaya zake alizijenga kwa transista za 2N3055, zile za chuma zilizovimba katikati, akazifunga kwa skrubu kwenye bamba nene la alumini ili zisiungue, na transfoma aliizungushia waya kwa mkono wake mwenyewe huku akihesabu kwa midomo. Ole wako umsemeshe akiwa anahesabu. Sauti ilitoka nzito, safi, isiyokwaruza hata Daudi Kabaka akiimba kwa nguvu zote.

Sanduku ndilo lililokuwa aibu. Wakati huo majani chai yalisafirishwa katika masanduku ya plaiwudi, na makuukuu yaliuzwa rahisi. Khotsa aliyanunua, akayapasua, akayapigilia upya na kuyapaka rangi ya mafuta kwa brashi. Rangi ikishakauka, herufi za shamba la chai zilijitokeza tena chini yake, hafifu lakini zinasomeka, na nywele za brashi zilibaki zimenaswa humo kama ushahidi. Wateja hawakulalamika. Walilipia mlio, na nyumbani kulikuwa na kitambaa.

Wateja wenyewe walikuwa wakulima wa miwa. Tangu kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, pesa ya sehemu zetu ilikuwa na majira yake. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, kisha malipo huja kwa mkupuo. Juma la malipo, baiskeli ziliuzwa, mabati yaliuzwa, na mtu aliyekuwa akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta alikuja kwa khotsa na noti zilizokunjwa mara nne akitaka chombo kitakachosikika hadi ng'ambo ya mto.

Mteja mwenye uwezo zaidi, mwalimu mkuu au karani, alitaka spika yake ifanane na kabati. Hapo khotsa alivuka njia na kumwona seremala jirani, ambaye alipaka shelaki. Ilikuja kama vigaga vyembamba vya rangi ya asali, akaviloweka kwenye spiriti, kisha akasugua mbao kwa donge la pamba lililofungwa ndani ya kitambaa cha shati, akizunguka na kuzunguka bila kusimama. Shelaki hutoka kwa mdudu mdogo wa India na nchi jirani zake, anayetoa utomvu huo kwenye matawi ya miti. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu huohuo, kwa hiyo kuna gramafoni zilizong'arishwa kwa kitu kilekile kilichokuwa kikiimba juu yake. Mng'aro wake ulikuwa wa upole, wa chini kwa chini, na mpaka leo sijaona uzuri wa mbao ya mukumari kuushinda ule uliopitishwa shelaki. Ila ilikuwa na adui mmoja. Shelaki huyeyushwa na pombe kali, na spika zilikaa pale pale walipokaa wanywaji. Chang'aa ikimwagika juu ya sanduku iliondoka na mng'aro wote, ikaacha ramani.

Miaka ya 1990 niipite haraka, maana macho hayakufaidi chochote. Spika zilitoka sebuleni zikaenda kwenye disko matanga, zile ngoma za usiku za kuchangia mazishi ambazo machifu walipiga marufuku kila mara na vijana wakazifungulia kila mara. Masanduku ya kazi hiyo yalibebwa juu ya mkokoteni na kunyeshewa. Khotsa aliyavisha reksini nyeusi na kuyapiga pembe za bati. Yalikuwa magumu na yenye sura mbaya, na yalimlipia karo za watoto.

Laka ililetwa na gari. Mpiga rangi wa gereji moja hapo mjini alikuja na redio ya gari iliyonyamaza, hakuwa na pesa taslimu, na wakakubaliana alipe kwa kazi. Akachukua sanduku moja la mukumari lililokuwa likisubiri rangi, akaondoka nalo. Liliporudi, majirani wa kibanda waliacha kazi zao wakaja kuangalia. Ulijiona humo ndani mpaka kola ya shati.

Alichotumia ni laka ya selulosi, ambayo asili yake ni pamba iliyochakatwa kwa asidi, ndugu wa karibu wa baruti isiyotoa moshi. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani iliiuza kwa jina la Duco kwa ajili ya magari ya General Motors. Kabla ya hapo gari lilikaa kiwandani kwa majuma likingoja rangi ikauke, na baada yake kazi hiyo ikawa ya siku chache tu. Laka hii haigandi kwa kuungana na hewa kama rangi ya mafuta. Thina huruka, laka hubaki. Ukipuliza mkono wa pili, thina yake huyeyusha kidogo ule wa kwanza na yote huwa ngozi moja. Ndiyo maana inaweza kuwekwa mikono mingi, ikajengwa hadi ikawa na kina. Huyo ndugu wa baruti naye hasahau ukoo wake. Mtu hawashi sigara karibu na mkebe ulio wazi, na khotsa, aliyekuwa mvutaji, alihamia nje ya uzio na sigara zake.

Alijifunza kazi hiyo akiwa amepita miaka hamsini, na alijifunza kwa ukali uleule wa transfoma. Kwanza mashimo ya misumari na maungio yalijazwa bodi fila ya magari. Msasa namba 240, kisha 400, ukifuata mkondo wa mbao. Kisha sila, ile laka nzito ya mwanzo inayoziba vinyweleo, ikikauka inapigwa msasa hadi inatoa unga mweupe. Halafu rangi. Halafu laka angavu, mkono juu ya mkono, bunduki ikipita kwa mwendo mmoja bila kusita ukingoni, kwa sababu ukisita ukingoni inachuruzika. Kisha unaliacha sanduku kabisa. Wengi huharibu hapa, kwa haraka. Likishakauka hadi ndani, unalisugua kwa msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, kwa maji yenye sabuni kidogo. Mng'aro wote uliouhangaikia unapotea. Sanduku linakuwa la kijivu, butu, na mteja akipita saa hiyo anashika kichwa. Nilimwona mmoja, mhudumu wa kanisa, akiuliza kwa sauti ya msiba kama pesa yake inaweza kurudishwa. Khotsa hakumjibu. Alichovya kitambaa kwenye kampaundi, akasugua sehemu ndogo ya upana wa kiganja, akaifuta, na uso wa mtu yule ukatokea pale.

Shida kubwa ilikuwa hewa ya kwetu. Mji uko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, msitu uko jirani, na mvua ya mwaka hufika milimita 2,000 hivi, nyingi ikishuka baada ya adhuhuri. Thina inaporuka hupoza uso wa sanduku. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yaliyomo hugandamana kwenye ule ubaridi na kunaswa ndani ya laka, na sanduku jeusi hupauka kwa ukungu mweupe mbele ya macho yako. Mpiga rangi wa gereji alikuwa na dawa, thina ya kukawia kukauka, inayopulizwa kidogo juu ili laka ilegee na unyevu upate njia ya kutoka. Khotsa aliona ni bora kuheshimu saa. Alianza kupuliza jua likishapanda na umande umekwisha, na kabla ya chakula cha mchana bunduki ilikuwa imeshaoshwa. Nilimwuliza, "Khotsa, jua bado linawaka, mbona tunafunga?" Akasema, "Mvua ya saa nane haijawahi kuchelewa kazini."

Kilichovua kitambaa hasa ni kisa cha kukhu, mama yake khotsa. Alipelekewa spika mbili nyeusi, zimesuguliwa zikasugulika. Akazipokea kwa baraka na shukrani, akazifunika siku hiyohiyo. Laka ya selulosi huonekana kavu kwa dakika chache, lakini ugumu wake huendelea kuja kwa majuma, na kabla ya hapo kitu chochote kilicholala juu yake huacha alama. Kitambaa kilipoinuliwa, kazi yote ya sindano yake ilikuwa imechapwa juu ya spika, kila ua, kila tundu. Khotsa alisikitika sana. Kukhu hakuona tatizo. Alisema sasa kitambaa hakitahitaji kufuliwa. Tangu siku hiyo kila mteja alipewa sharti pamoja na risiti: mwezi mzima bila kufunika. Na mwezi ulipokwisha, hakuna aliyefunika tena. Watu walikuwa wameshazoea wageni wasimame mlangoni na kutazama.

Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipopata hadhi kamili mwaka 2007, wanafunzi walijaa vyumba vya kupanga, na wanafunzi walitaka wufa. Wakati huohuo maduka yalijaa wufa za plastiki kutoka China, zenye weusi wa piano uliotoka kwenye kalibu ya kiwanda bila msasa wowote. Bei yake ilikuwa chini kuliko gharama ya khotsa ya mbao na laka pekee. Mtu angetarajia vibanda vifungwe, na vingi vilifungwa. Chetu kilinusurika kwa sababu ya udhaifu wa plastiki hizo. Binamu yangu, mwanawe khotsa, aligundua kwamba yule mwanafunzi aliyenunua plastiki hurudi baada ya mwaka, ikiwa imekwaruzika na spika imepasuka, akitaka kitu kilekile kwa sura lakini kizito mkononi.

Binamu akaacha mukumari. Marufuku ya kukata miti katika misitu ya umma ilipotangazwa mwaka 2018, mbao ilizidi kupanda bei, naye alikuwa ameshahamia MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Hauna mkondo wala vifundo, na uso wake ni sawa kama meza ya bilyadi. Kingo zake tu ndizo zinazokunywa rangi bila kushiba, mpaka uzipake kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji. Akaacha na selulosi pia. Sasa hutumia laka ya mikebe miwili, inayochanganywa na hadina na kuganda kwa kemia. Chang'aa haiitoi, kitambaa hakiichapi, na mng'aro hutoka kwenye bunduki ukiwa karibu umekamilika. Lakini hadina hiyo ina isosayaneti, inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Binamu ana barakoa yenye vichujio vya mkaa. Vijana wake huivaa yeye akiwepo.

Kitu kimoja hunikera, nakisema kwa kuwa binamu anakijua. Zamani sanduku lilikuwa jambo la mwisho: saketi ikishaimba, ndipo mbao ilipotafutwa. Leo mteja huanza na rangi. Anataka nyekundu ya damu ya mzee au bluu yenye chembe za kumeta, anaonyesha picha kwenye simu, na kilichomo ndani hukiulizia anapoondoka, akikiulizia. Kilichomo ni bodi iliyokamilika, yenye Bluetooth na betri za lithiamu, inayoletwa kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, na kuunganishwa kwa nyaya chache. Inalia vizuri tu, sitaki kuwadanganya. Ila kibandani hamna tena mtu anayejua kuzungusha transfoma, na transfoma ya mwisho ya khotsa inazuia mlango usifungwe na upepo. Fundi redio amekuwa mpiga rangi anayeuza pia sauti.

Khotsa mwenyewe, macho yakiwa yamefifia, hukagua kazi kwa vidole. Hupitisha kidole kwenye ukingo, akasimama mahali, akasema "hapa", na ukiangalia kwa taa kweli unaona tone lililochuruzika.

Mwaka jana kijana mmoja anayerekodi nyimbo za injili aliagiza spika mbili za studio na akasema hataki zing'ae. Kung'aa kumepitwa na wakati, alisema, na kwenye video taa zote zinaonekana humo. Binamu hakubishana naye. Alipuliza laka, akaisugua kwa maji, akaing'arisha kwa kampaundi hadi mwisho, maana hata uso usiong'aa huonyesha kila bonde lililoachwa chini yake. Kisha akaufubaza wote kwa pamba laini ya chuma na nta, na akamtoza bei ya kazi zote mbili.