Nyuma ya Kabati

Ukungu mweusi ukitokea kwenye kona ya chumba cha kupanga, wa kwanza kushukiwa ni waliomo ndani. Mwenye nyumba anakuja, anachungulia nyuma ya kabati, anauliza, “Mama, kwani humu mnapika?” Mpangaji anainamisha kichwa. Hapa Njombe nayasikia hayo kila kipupwe, na kila mara yananiuma. Kwa baridi ya Juni na Julai, mtu na watoto wake wapikie wapi?

Hata asiyepika ana maji hewani. Watu wanne wakilala chumba kimoja na dirisha limefungwa, pumzi zao tu zinatosha kulowesha kioo. Ongeza nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya manyunyu, na sufuria ya maharage. Mvuke wote huo hugeuka maji ukigusa penye baridi: bati lisilo na dari, au ukuta wa nje uliozibwa na kabati, ambako hewa haipiti. Alfajiri vitone vimejipanga chini ya bati, vinadondokea kitandani, na mtu anaapa kwamba paa linavuja. Unyevu huo ndio unaoulea ukungu: hata viatu vya ngozi vimeota manyoya meupe.

Kipo kipimo ninachokipenda. Kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Maji yakijikusanya juu ya nailoni, upande wa chumbani, yametoka hewani. Yakiwa nyuma yake, ukuta wenyewe umelowa: bomba linavuja, au msingi unanyonya maji ya ardhini, na hapo mpangaji hata afungue madirisha mwaka mzima hatapona. Nakipenda kwa sababu kinauhoji ukuta kabla ya kumhoji mtu.

Huko Rochdale, Uingereza, baba mmoja aliyetoka Sudan aliripoti ukungu ndani ya fleti yake mwaka 2017. Akaambiwa apake rangi juu yake. Mwanawe, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, siku chache tu baada ya kutimiza miaka miwili, na mwaka 2022 uchunguzi ulithibitisha kwamba ukungu ule ndio uliomharibia njia ya hewa. Wenye dhamana ya nyumba walikuwa wamedhani chanzo ni maisha ya familia ile, hata namna yao ya kuoga. Baadaye wakakiri kwamba walikosea. Tangu Oktoba 2025 England ina sheria yenye jina la mtoto huyo: hatari ya dharura katika nyumba za kijamii ishughulikiwe ndani ya saa 24. Sisi hatujafika huko, lakini dharau ile ya kumlaumu mtu kabla ya kukagua nyumba tunaifahamu vizuri.

Ukungu usugue kwa maji na sabuni, kisha kausha. Ukitumia jiki, usiichanganye na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Sogeza kabati mbali kidogo na ukuta, funika sufuria, fungua dirisha asubuhi na baada ya kupika. Vile vitundu vya hewa juu ya dirisha mlivyoviziba kwa matambara, vizibueni leo. Na jiko la mkaa, baridi iwe kali namna gani, lisilale ndani.